Somo: Mbolea ya ruzuku, kuanzia kwa mtendaji hadi shambani

Wengi wetu huku Umalila bado tunasubiri ruzuku kama hela ya kuingia kwenye simu. Haiji hivyo. Tangu Rais Samia Suluhu Hassan azindue mpango huu hapa Mbeya, Nane Nane ya mwaka 2022, serikali inabeba sehemu ya bei ya mfuko na wewe unalipa iliyobaki dukani. Msimu ule wa kwanza bei elekezi ya DAP, mbolea ya kupandia, mfuko wa kilo 50, ilikuwa shilingi 70,000. Ruzuku yako ni ile sehemu iliyobebwa na serikali, imeshapunguzwa kwenye bei.

Kwanza, nenda kwa mtendaji wa kijiji. Beba namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, namba ya simu na ukubwa wa shamba kwa ekari, zao kwa zao. Ukishajiandikisha hujamaliza, maana taarifa zinahuishwa. Nenda Agosti au Septemba, mtendaji akiwa na nafasi. Mvua ya Novemba ikishadondoka utakuta foleni mpaka barabarani. Ekari usiongeze wala usipunguze, kwa sababu mifuko inahesabiwa kutokana nazo.

Pili, laini ya simu iwe yako, maana namba yako ya mkulima inatumwa huko. Mimi niliandikisha laini ya kijana wangu. Akaenda Tunduma kutafuta maisha, namba yangu ya mkulima ikaenda naye. Nilipoipata, mahindi yalishaanza njano kwenye majani ya chini.

Tatu, dukani. Nunua kwa wakala aliyesajiliwa au chama cha msingi cha ushirika. Kama unashuka Mbalizi, piga simu kwanza uulize kama mzigo upo, nauli isije ikakuuma bure. Wakala ataingiza namba yako ya mkulima, kisha ataskani alama iliyobandikwa kwenye mfuko. Hapo usipige soga. Simama umwangalie, hesabu kwa vidole ikibidi: akiskani minne akakupa miwili, kwenye mfumo umechukua minne. Dai risiti. Pitisha kidole kwenye mshono wa mfuko. Ukikuta matundu ya sindano ya zamani pembeni ya uzi mpya, urudishe.

Maswali ya wanakikundi

*Shamba nimekodi. Naruhusiwa?*
Andikisha unacholima, umweleze mtendaji kuwa ni la kukodi. Ila elewana na mwenye shamba, asije akaandikisha ekari hizo hizo.

*Aliyeandikishwa ni mume wangu, na yuko Chunya machimboni. Nifanyeje?*
Dada, kama kuna shamba unalolima mwenyewe na NIDA unayo, jiandikishe kwa jina lako. Usilime kwa kusubiri simu ya Chunya.

*Kuna mtu ananipa elfu kumi nimwachie namba yangu ya mkulima, mwaka huu silimi sana.*
Kataa. Akichukua mifuko, inaandikwa umechukua wewe. Mwezi wa pili ukihitaji mbolea ya kukuzia, utaambiwa mgao wako umekwisha.

*Shikamoo mzee. Nina hela ya mfuko mmoja tu kwa ekari moja ya mahindi. DAP au Urea?*
Marahaba. Chukua DAP, upandie. Mizizi isiposhika mapema, Urea utakayotupia baadaye itakupa majani tu. Hiyo Urea, ya kukuzia, itafute mahindi yakifika magotini. Una wiki kadhaa za kuuza hata jogoo wawili.