Seva ya rekodi za simu: anza na hesabu, diski baadae

Wakuu, kila mtu anayeniuliza anunue seva gani ya kutunzia CDR, zile rekodi za simu na meseji tunazotozea wateja, anaanza na terabaiti ngapi. Usianze hapo. Mi nilianza hapo, nikalala chumba cha seva siku mbili.

Chukua faili la jana, halisi, sio la majaribio. Kwenye Linux piga amri ls -l uone ukubwa, piga wc -l uone mistari, gawanya. Langu lilikuwa baiti 412,000,000 kwa mistari 1,030,000, yaani baiti 400 kwa rekodi. Tuseme unategemea rekodi milioni 3 kwa siku, hiyo ni giga 1.2, mwaka giga 438. Ndogo eh? Ngoja sasa, ikiingia kwenye databesi zinaongezeka indeksi, orodha za kutafutia haraka, ya namba, ya muda, ya akaunti, mi huwa nazidisha mara mbili na nusu, inafika kama tera 1.1, na rekodi hizi sio wageni wa Tanga waja leo waondoka leo, hizi zikija zimekaa, mteja akibishia bili ya miezi 8 nyuma lazima uitoe. Na usijaze zaidi ya asilimia 70, bili za mwisho wa mwezi zinataka uwanja wa kupanga na kujumlisha.

Wengi wanaishia hapo, wakati kasheshe yenyewe iko kwenye kasi. Milioni 3 ukigawa kwa sekunde 86,400 ni kama 35 kila sekunde, ila watu hawapigi simu sawasawa, jioni inapanda, weka mara 5, ni 175. Kila rekodi inagusa jedwali na indeksi 3, ushafika maandiko 700 kwa sekunde. Sasa RAID ni diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja. Kwenye RAID 5, inayotunza pariti, hesabu ya kurudishia data diski moja ikifa, andiko moja dogo linakula kazi 4 za diski: soma data, soma pariti, andika data, andika pariti. Kwenye RAID 10, inayoandika kila kitu kwenye diski mbili, linakula 2 tu. Na diski ya kuzunguka ya mizunguko 7,200 kwa dakika inakupa kazi kama 80 kwa sekunde, piga mwenyewe uone unahitaji ngapi. Ukiingiza kwa mafungu na kontrola ya diski ikiwa na kashe, memori ya muda, yenye betri inapungua sana, lakini bado ningekwambia RAID 10 ya SSD, zile diski zisizozunguka, kwa databesi, za kuzunguka ziwekee mafaili ghafi yaliyobanwa.

Yangu ilikuwa RAID 5, diski 4 za aina moja zilizonunuliwa siku moja. Ikafa moja tarehe 30, nikachomeka mpya, ikaanza kujijenga huku bili nazo zinasoma kila kitu, alfajiri naangalia taa ya diski ya pili nayo imegeuka chungwa. Kwisha. Nikarudisha bekapu ya juzi, rekodi zilizobaki tukazivuta upya kutoka kwenye switchi, mtambo wa simu unaozitoa rekodi, bahati ilikuwa bado inazo. Kwa hiyo RAID sio bekapu, jamani, bekapu ikae mashine nyingine, na nyumba nyingine ikiwezekana.

Jedwali ligawe kwa mwezi. Kutupa mwezi mzima wa zamani ni sekunde, kufuta mstari mmoja mmoja utakesha. Prosesa usihangaike nayo sana, pesa peleka kwenye memori ya ECC, inayojisahihisha makosa, indeksi za siku za karibuni zikae humo.

Alafu huku kwetu Tanga kuna chumvi ya bahari. Jamaa mmoja kaweka seva yake Raskazone, kando ya bahari, dirisha wazi kwa ajili ya upepo, baada ya muda skrubu za kesi zina kutu utadhani nanga. Funga dirisha, weka AC, na hiyo AC ijaribu: zima meni swichi, jenereta iwake, uone kama AC inarudi yenyewe. Ya kwetu ilikuwa inasubiri rimoti, na rimoti iko kwenye droo ya bosi, bosi yuko Lushoto.