Una elfu sitini ya nguo na hutaki mtu aumizwe kwa ajili yako? Anza hivi

Jamani, kuvaa nguo ambayo aliyeishona hakudhulumiwa inawezekana hata kama mshahara wenyewe ni wa kuungaunga, ila kubali mapema kwamba kwa hela hiyo hutaweza kutimiza yote. Chukua karatasi uandike kipi kinakuuma zaidi, mshonaji kulipwa vibaya, au takataka na plastiki, au mkulima na fundi wa hapa kukosa soko. Kimoja kiwe cha kwanza, vingine utavifuata pale mfuko unaporuhusu.

Mimi kinachoniuma ni mshonaji. Jengo la Rana Plaza lilianguka kule Bangladesh tarehe 24 Aprili 2013 likaua watu zaidi ya 1,100, na nyufa zilishaonekana jana yake lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo wakaambiwa warudi kazini. Toka hapo tisheti mpya ya bei ya chee nikiiona nasita kabisa. Ila usisusie kila kilichoandikwa Bangladesh, dada wa kule naye anataka kazi, na lebo inakutajia nchi tu, mshahara haikutajii.

Sa tuje kwenye hela, tuseme uko Dar. Nguo za ndani nunua mpya, za mtumba TBS (Shirika la Viwango Tanzania) walishazipiga marufuku, na hapo ndo utafute pamba hata ukiongeza kidogo. Jinzi, jaketi na mashati ya kazini fuata mtumba, nenda soko la Karume asubuhi na mapema belo likifunguliwa, kwanza shati la mtumba halimpi mwenye kiwanda oda mpya. Ukilishika ligeuze ndani nje, vuta mshono wa kwapani kwa vidole viwili, ukiona mwanga unapita katikati ya nyuzi liache hata kama ni elfu mbili, kama ni suruali vuta pale kati ya miguu, halafu kagua kola na zipu.

Kitambaa usiamini maneno ya muuzaji, ukifika nyumbani chomoa uzi mmoja kwenye pindo uuchome kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka, inajikunja kuwa kidonge kigumu na kunuka plastiki. Ukishalijua duka linalosema kweli, rudi hapohapo.

Ya sherehe peleka kwa fundi. Yule unamuona usoni na unajua umemlipa nini, kwa hiyo usimkamue kwenye bei, na mpe muda, maana gauni la harusi ya Jumamosi unalompelekea Alhamisi jioni ndo linalomkesheza kwenye cherehani. Pamba tunalima wenyewe Simiyu na Shinyanga, Meatu kuna hadi wakulima wa kilimo hai, wasiotumia kemikali za viwandani, ila nyingi inasafirishwa ikiwa ghafi, ndo maana nikipata khanga ya pamba iliyochapwa hapa nyumbani naongeza hiyo elfu mbili tatu bila kuumia.

Na mwezi ukikaba halafu mtoto anatakiwa na sare kesho, nunua iliyopo na usijilaumu. Chagua tu yenye upindo mrefu, fundi ataufungua mwakani akirefuka.