Somo: Oksijeni kutoka hewani hadi damuni, na kwa nini usiheme haraka haraka kabla ya kuzamia

Kila kaskazi ikiingia na maji yakawa maangavu, naulizwa lile lile: "Nikihema haraka mara thelathini kabla ya kuzamia pweza, si najaza oksijeni zaidi?" Hapana. Hesabu yote ni hii, nimechoka kuirudia.

1. Ufukweni Nyali, Mombasa, shinikizo la hewa ni milimita 760 za zebaki.

2. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa, na kila gesi husukuma kwa fungu lake (kanuni ya Dalton, 1801): 760 × 0.21 = 160.

3. Toa mvuke. Hewa hulowa puani, na mvuke wake una 47: (760 − 47) × 0.21 = 150.

4. Mapafuni kuna kaboni dayoksaidi yenye shinikizo la 40. Hiyo hupunguza oksijeni kwa 50 hivi, si 40, kwa kuwa mwili hutumia oksijeni nyingi kuliko kaboni dayoksaidi unayotoa. Imebaki 100.

5. Damu inayorudi kutoka mwilini ina oksijeni ya 40. Kutoka 100 kwenda 40 ni mteremko, basi oksijeni huingia yenyewe. Hemoglobini, inayobeba oksijeni damuni, hujaa asilimia 97 au 98.

6. Hapa ndipo nilipokosea, na nusura nife. Debe limeshajaa, uheme utakavyo, utaongeza tone tu. Unachopunguza ni kaboni dayoksaidi, na hiyo ndiyo inayokuhimiza upumue. Ukiitoa, kifua hakikusumbui hata oksijeni ikikaribia kwisha. Kisha kuna kina: mita 10 chini, shinikizo ni mara mbili ya juu. Oksijeni ya 60 kule chini bado inaingia damuni, unajiona mzima. Ukipanda, 60 hiyo inakuwa kama 30, na fahamu zinakatika ukikaribia kuibuka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nje ya mwamba. Sikusikia hata hamu ya kupumua. Nakumbuka tumbo la ngalawa juu yangu, lina ukoga wa kijani. Kinachofuata ninachokumbuka ni mkono wa binamu yangu kwapani na chumvi inayochoma puani.

Pumua kawaida, taratibu. Usizamie peke yako kabisa. Mwenzako abaki juu akikutazama, msiwe nyote chini, na ukiibuka aendelee kukuangalia nusu dakika nzima. Watu huzimia hata baada ya kutoa kichwa.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Kwa hiyo niheme mara ngapi? Kumi ni sawa?
– Hakuna idadi. Soma hatua ya 6.

Mwanahawa: Mwalimu, nimehamia Nairobi. Huku oksijeni haifiki asilimia 21?
– Swali zuri, dada. Asilimia ni ile ile, hata kileleni Kilimanjaro, mita 5,895. Kinachopungua ni shinikizo. Nairobi ni kama 630. Rudia hatua ya 3 na ya 4 utapata 70 na ushee. Lakini hemoglobini haishuki sawasawa na shinikizo: kutoka 100 hadi 70 inapoteza asilimia tatu nne tu, chini ya 60 ndipo inaporomoka. Kwa hiyo huko utahema kidogo kwenye ngazi, basi. Kule kileleni hewa ina karibu nusu ya shinikizo la Mombasa, na huko watu huugua kweli.

Abu Salma: Presha yangu 150 kwa 95, ndiyo hii?
– Siyo. Hiyo ni ya damu mishipani. Nenda kliniki, usingoje majibu hapa.

Mama Riziki: Mwanangu alizimia chumbani, tulikuwa na jiko la makaa. Kipimo cha oksijeni cha kidole kikasoma 98. Ni kibovu?
– Pole sana, mama. Si kibovu, kimedanganyika. Makaa hutoa monoksaidi ya kaboni, inayoing'ang'ania hemoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kipimo hicho hakiwezi kuzitofautisha. Kama hajaonwa na daktari, mpelekeni leo, na mseme kulikuwa na jiko ili wapime damu yenyewe. Humpa mgonjwa oksijeni tupu kwa barakoa: ile 160 ya hatua ya 2 inakaribia 760, na msukumo huo ndio unaoing'oa monoksaidi.

Mama Riziki: Shukran. Na kidole chenye piko?
– Piko nyeusi huzuia mwanga wa kipimo. Tumia kidole kisichopakwa. Kama mikono yote ni ya harusi, jaribu cha mguu.