Flopi ya HD kwenye Atari ST: ziba tundu kwanza

Flopi za inchi 3.5 zinazookotwa kwenye makabati ya ofisi za Nairobi mara nyingi ni HD (msongamano mkubwa, 1.44 MB), ilhali Atari ST, kompyuta ya miaka ya 1980, inataka DD (msongamano wa kawaida, 720 KB). Usizitupe.

HD ina matundu mawili. Lenye kijiti cha kusogeza ni la kuzuia kuandika. La upande wa pili ndilo huiambia PC kwamba flopi ni ya 1.44 MB. Hilo lizibe, mbele na nyuma, kwa tepu nyeusi ya fundi umeme. Selotepu haifai: draivu nyingine hutambua tundu kwa mwanga, nyingine kwa kipini kinachoibonyeza selotepu hadi ndani. Bana kingo vizuri kwa ukucha, la sivyo tepu itabanduka na flopi ikwame.

Flopi iliyowahi kuandikwa kama HD ifute kwanza kwa sumaku ya spika mbovu: zungusha juu ya pande zote mbili, kisha iondoe sumaku polepole. Mabaki ya data ya zamani ndiyo huleta makosa ya kusoma yasiyoeleweka.

Kisha iandae kwenye PC ya DOS (mfumo endeshi wa zamani wa PC):

FORMAT A: /F:720

Utapata treki 80, sekta 9, pande mbili. ST huisoma bila shida. Ukiiandaa kwenye ST yenye TOS (mfumo endeshi wa ST) ya kabla ya 1.04, DOS huenda ikaikataa.

Flopi za inchi 5.25 ziache. Utando wa sumaku wa HD yake ni mgumu kuandikika karibu maradufu ya ule wa DD, kwa hiyo ujanja huu haufai kwazo.