Hela ya vikoba mwezi wa 12, igawe kabla haijapanda mlimani

Sisi wa Moshi tunajuana. Mwezi wa 12 kikundi cha kuweka na kukopeshana kinavunjwa, unapewa chako laki nane au milioni na kitu, wiki mbili baadae uko Machame, kijijini mlimani, na mbuzi, mbege na viatu vipya vya watoto, ukishuka Januari shule wanataka ada unaanza kukopa upya. Mi nimefanya hivo miaka sita sikufichi.

Siku hizi nikipokea tu, sijapita hata sokoni Mbuyuni, naigawa kwa kujiuliza hii ntaihitaji lini.

Ya Januari nailipa shule palepale, natunza risiti. Ile ya muhula wa pili ndo shida, ikikaa kwenye simu inaisha kwa buku buku hujui imeendaje, so naiweka Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayowekeza hela za watu kwa pamoja, wengine wanauita Liquid, unaanza na laki moja, hawakukati kuingia wala kutoka, na ukiiomba inakuja kwenye akaunti yako ya benki baada ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ndo dawa yenyewe, maana hamu ya kununua kitenge inakuwa ishapoa. Kujiunga ni namba ya NIDA na akaunti ya benki basi.

Kama mtoto bado mdogo kuna Mfuko wa Watoto hukohuko, unafungua kwa jina lake akiwa chini ya miaka 18, andaa cheti cha kuzaliwa. Ila elewa unanunua vipande, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko, na bei ya kipande inapanda na inaweza kushuka, kwahiyo hela unayoihitaji karibuni usiiweke huko.

Ya uzeeni watu tunaipiga chenga. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wanapokea hata wa kujiajiri, muuza mitumba wa Kiboroloni, bodaboda, wote, lakini pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180 yaani miaka 15, ukianza na 45 unatimiza ukiwa na 60, piga hesabu yako mwenyewe. Mwenye milioni moja iliyotulia anunue hatifungani ya serikali, yaani unaikopesha serikali, unapitia benki au dalali wa soko la hisa, unafunguliwa akaunti ya CDS ya kutunza hatifungani zako, riba inaingia kila miezi sita, zipo za miaka 2 mpaka 25. Ya 25 muachie kijana.

Akija mtu na grupu la WhatsApp anaahidi hela kuzaa mara mbili kwa mwezi, muulize leseni ya CMSA, wasimamizi wa masoko ya mitaji, atakublock.

Halafu jaza jina la mrithi kila sehemu, na mtu mmoja nyumbani ajue hela ziko wapi.

Vikoba sijaacha, mkopo wa mtaji natoa wapi? Ila kinachobaki baada ya mgao ndo kinapanda mlimani. Mwaka jana kilibaki cha kuku wawili na nauli, shangazi alininunia mpaka Boxing Day, ada ya mwezi wa 7 nikalipa bila kumpigia mtu simu.