Namna mtu wa ngumi na mateke anavyoweza kumzuia mwanamieleka

Nilikuwa na miaka minane ya karate na miwili ya ndondi siku nilipokubali kucheza raundi moja na kijana wa mieleka niliyemzidi kama kilo kumi. Nilirusha teke moja. La pili halikupata nafasi: nilijikuta chali, natazama dari, naye kanikalia kifuani wala jasho halijamtoka. Nikainuka nikasema nimeteleza. Tukarudia mara nne, na mara zote nne niliteleza.

Kuanguka hakukuniuma sana. Kilichoniuma ni kwamba mgongo ulipogusa mkeka sikuwa na la kufanya. Miaka kumi nilijifunza kupiga, na suala la kushikwa nikaliachia bahati.

Mwongozo huu ni wa watu wa ndondi, karate, tekwondo, kikiboksi na jamaa zao. Ninaposema mwanamieleka, mhesabie humo na mtu wa judo na wa jujitsu. Lengo letu si kumshinda kwenye mchezo wake. Tunataka kubaki wima, na tukianguka, tusimame kabla hajatulia juu yetu.

Kwanza tuondoe ile ndoto ya konde moja. Tarehe 12 Novemba 1993, katika mashindano ya kwanza ya UFC (mapigano yanayoruhusu ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja) mjini Denver, bondia Art Jimmerson aliingia ulingoni kavaa glavu mkono mmoja tu. Royce Gracie, mtu wa jujitsu, akamwangusha na kumkalia, na Jimmerson akakubali kushindwa. Kila mtu wa ngumi anaamini konde lake litawahi. Pengine litawahi kweli, lakini anayezama miguuni, yaani anayejitupa chini kuikumbatia miguu yako, ameshashusha kichwa na mwili wake uko kasini. Hata ukimpata, uzito wake utakufikia vilevile.

Hatua ya 1: Badilisha mkao

Mkao mrefu na mwembamba unaotufaa kwa mateke ni zawadi kwa mwanamieleka. Panua miguu kidogo kupita mabega na ukunje magoti mpaka uhisi mapaja yanafanya kazi. Kama wewe ni wa tekwondo na umezoea kusimama ubavu, geuza kidari kimtazame, maana ukisimama ubavu unampa mguu mmoja wa mbele na mlango wa kuufikia mgongo wako.

Mikono ishuke kidogo, viwiko vikae karibu na mbavu. Utahisi uso uko wazi kuliko ulivyozoea, na ni kweli uko wazi. Hiyo ndiyo bei. Viwiko vilivyoinuka vinamwachia makwapa, na mkono wake ukishapita kwapani mwako, umemkabidhi usukani wa mwili wako.

Hatua ya 2: Jua umbali wake, si wako

Tumezoea kupima umbali kwa urefu wa mkono na mguu wetu. Mbele ya mwanamieleka kipimo ni kingine: je, akishusha nyonga na kupiga hatua moja ndefu, anagusa paja langu? Kama ndiyo, hapo uwe unapiga au unaondoka. Kusimama tu hapo unafikiria ni kumsubiri akubebe.

Usiyatazame macho yake wala mikono. Tazama kidari na nyonga. Mikono hudanganya, lakini hakuna anayeingia miguuni bila kwanza kushusha kiuno. Mzuri zaidi atakupungia mkono usoni ili uinue ulinzi, kisha azame chini yake. Kila mkono unapokujia usoni bila nia ya kupiga, jiulize nyonga yake inaelekea wapi.

Usirudi nyuma kwa mstari ulionyooka. Yeye anaenda mbele haraka kuliko unavyorudi nyuma, na mwisho wa mstari huo kuna ukuta au kamba. Rudi hatua moja, ya pili iwe ya ubavuni.

Hatua ya 3: Chagua mapigo

Konde la mkono wa mbele ndilo rafiki yako mkubwa. Linapima umbali, linamchelewesha, na halikuondoi kwenye mkao. Likimgusa kipaji cha uso, toka pembeni papo hapo. Konde kubwa la mkono wa nyuma linaloubeba mwili wote mbele, liache mpaka umeshamzuia mara mbili tatu na umeona anasita.

Mateke ya mbavuni na kichwani weka kabatini kwa muda. Mguu ukidakwa unabaki na mmoja, na huo mmoja utakatwa mtama. Teke la chini kwenye shavu la mguu lina nafuu, hasa akiwa anarudi nyuma au baada ya makonde yako kumsimamisha. Goti la katikati anapozama ni zuri likimkuta, ila lazima uwe umesoma mwendo wake. Goti la kubahatisha ni sawa na kumwinulia mguu aukamate. Mimi wanafunzi wapya nawakatazia kabisa, wananichukia mwezi mmoja, kisha wanaelewa.

Hatua ya 4: Tupa nyonga

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi. Ukiwa na saa moja ya mazoezi, dakika arobaini ziwe hapa.

Anapozama kuikumbatia miguu yako miwili, mambo matatu yafuatane haraka mpaka yaonekane moja. Mikono inatangulia: viganja au vigasha vikutane na mabega au kichwa chake kabla mikono yake haijafika kwenye mapaja. Nyonga inafuata: inatoka nyuma na kushuka chini kwa kishindo. Mwisho miguu inarushwa nyuma, imepanuka, ukisimamia vidole. Kidari chako kinatua juu ya mgongo wake karibu na mabega, na uzito wako wote unamlemea.

Kosa namba moja ni kuinama. Mtu anapinda kiunoni, anasukuma makalio nyuma na kumshika kichwa kwa mikono huku miguu imebaki palepale. Kwa macho inafanana na kutupa nyonga, lakini mapaja bado yako mbele ya mikono yake. Dawa ni kufikiria kwamba unataka kugonga mkeka kwa kitovu.

Kosa la pili ni kutua kwa magoti. Ukipiga magoti, nyonga inabaki juu, na chini yake kuna nafasi ya kutosha mtu kuendelea kusukuma. Magoti yasiguse. Upande kilipo kichwa chake, geuza nyonga ya upande huo imkandamize shingo na bega. Nyonga moja nzito inafanya kazi kuliko mbili zilizolala sawa.

Kosa la tatu ni letu hasa, watu wa ngumi: tukishamzuia tunabaki pale tumelala juu yake, tumeridhika. Yeye hapo yuko nyumbani kwao. Weka kigasha kwenye taya yake ugeuze uso wake utazame pembeni, sukuma kichwa chini, kisha uondoke kwa mzunguko, usirudi moja kwa moja. Unapoinuka ndipo unapopiga, kwa sababu naye anainuka na mikono yake imeshughulika na mkeka.

Jaribu hivi: mwenzako apige makofi, wewe utupe nyonga na kurudi kwenye mkao. Mara kumi, pumzika, mara kumi tena. Baadaye badala ya makofi aguse paja lako. Mwisho azame kweli, kwanza kwa nusu ya nguvu.

Hatua ya 5: Akipata mguu mmoja

Usiamini kwamba ubingwa wa ngumi unakinga miguu. Agosti 2010 huko Boston, James Toney, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa ndondi katika uzito zaidi ya mmoja, alikutana na Randy Couture, mwanamieleka. Couture alizama chini kabisa, akaushika mguu wa mbele karibu na kifundo, na Toney akawa chini sekunde chache tu baada ya kengele. Alikabwa akakubali kushindwa raundi hiyohiyo ya kwanza. Mguu wa mbele wa bondia hubeba uzito mwingi na hauna haraka ya kuinuka, na mwanamieleka anajua.

Mguu ukishikwa, usirukeruke kwa mguu mmoja ukiomba Mungu. Mkono ulio upande wa mguu uliokamatwa uupitishe juu ya mkono wake na kuufunga kwa nguvu kwapani mwako, kisha geuza nyonga imlemee bega. Mkono mwingine usukume kichwa chake kiachane na kidari chako. Akikosa pa kuegemeza kichwa, nguvu zake za kukuinua zinapungua sana. Sasa elekeza unyayo wako chini na uukanyagishe mguu sakafuni kwa nguvu, kama mtu anayezima moto. Mguu ukishagusa chini, uchomoe kwa kugeuza goti nje na kuulegeza.

Kuna kishawishi cha kumpiga kabali kwa sababu shingo yake iko karibu. Achana nacho kwa sasa. Usipoipatia, utakuwa umelala chali kwa hiari yako, naye juu.

Hatua ya 6: Mnapokumbatiana ukutani

Mambo ni machache hapa. Pata angalau mkono mmoja kwapani mwake, kutoka chini kwenda juu. Kichwa chako kiwe chini ya taya yake, kipaji kikisukuma, kwa sababu kichwa kinachotazama juu hakina nguvu. Panua miguu. Mkono uliobaki upigane na kiganja chake, usimruhusu aunganishe mikono nyuma yako. Ikiunganika chini ya makalio, zimebaki sekunde chache, kwa hiyo pigania vidole mapema. Ukipata upenyo, zunguka umwachie yeye ukuta.

Hatua ya 7: Ukianguka

Utaanguka. Kidevu kifuani ili kisogo kisipige chini, na usinyooshe mkono kuzuia anguko, kiwiko kitatoka. Tua kwa ubavu na nyonga.

Sekunde mbili tatu za kwanza ndizo za dhahabu, kabla hajatulia. Kaa kwenye nyonga moja, kiganja nyuma yako, mguu wa upande wa pili ukanyage chini, kigasha cha mbele kimsukume bega au kichwa. Inua makalio, vuta mguu uliolala upite chini yako mpaka nyuma ya kiganja, simama ukiwa kwenye mkao. Kigasha cha mbele hakitoki mpaka umeshasimama.

Akiwahi kutulia juu yako, usimsukume kifua kwa mikono iliyonyooka. Ndicho anachosubiri, mkono mnyoofu huvunjwa. Viwiko vikae mbavuni, kigasha kimoja shingoni mwake, kingine kwenye nyonga yake, kisha sukuma makalio yako pembeni mpaka upate nafasi ya kuingiza goti kati yenu. Usimgeuzie mgongo kwa hofu. Akishaupata na mkono wake unakuja shingoni, shika kiganja hicho kwa mikono yako yote miwili, na ukihisi giza linakuja gonga mkeka au mwili wake mapema, ishara ya kukubali kushindwa. Kabali iliyokaa vizuri humzimisha mtu kwa sekunde chache.

Watu hudhani kujua mambo ya chini ni kazi ya wengine. Julai 1997, Maurice Smith wa kikiboksi alipambana na Mark Coleman, mwanamieleka aliyeogopwa kuliko wote wa uzito wa juu wakati huo. Coleman alimwangusha mapema. Smith akatulia chini, akajilinda, akasubiri mwenzake aishiwe pumzi, kisha akasimama na kumpiga mateke mpaka dakika 21 zikaisha na majaji wakampa ubingwa wa UFC. Napenda pambano hilo kuliko yote ya watu wa ngumi walioshinda kwa konde moja.

Na kama yeye ndiye aliyelala akikuita, usimfuate. Mwaka 1976 mjini Tokyo, mwanamieleka wa Kijapani Antonio Inoki alikaa chini sehemu kubwa ya raundi 15 akimpiga Muhammad Ali mateke ya miguuni, na matokeo yakawa sare. Ali alitoka na miguu iliyovimba vibaya, lakini hakuingia kwenye mtego wa kulala naye. Ningemshauri tu asisimame karibu hivyo.

Hatua ya 8: Panga mazoezi

Nenda darasa la mieleka au judo mara mbili kwa wiki, uwe mgeni, uangushwe. Chuck Liddell, mpiganaji wa UFC ambaye watu walimjua kwa makonde, alikuwa mwanamieleka chuoni kabla ya hayo yote. Ndiyo sababu aliweza kurusha ngumi bila woga wa kuangushwa.

Kwenye ukumbi wako mwenyewe cheza raundi za masharti. Raundi ya kwanza, dakika tatu: mwenzako anatafuta kukuangusha tu, wewe huruhusiwi kupiga, unazuia tu. Ya pili: unaongezewa konde la mkono wa mbele, basi. Ya tatu: unaanza ukiwa umelala chali naye juu, na kazi yako ni kusimama tu. Ukisimama, unalala tena mnaanza upya. Hesabu mara ulizosimama na uziandike. Mimi nilianza na sifuri, wiki ya tatu nikapata mbili. Ukifika sita, mwambie mwenzako avae glavu aanze kukupiga ngumi akiwa juu.