Namna ya kumwomba mhadhiri barua ya mapendekezo

Nafundisha chuoni hapa Tabora. Kila msimu wa maombi ya ufadhili ukifika, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Shikamoo madam, naomba rekomendesheni, dedilaini kesho." Hakuna jina kamili, kozi wala mwaka. Darasa moja lina wanafunzi zaidi ya 200. Nitaandika nini zaidi ya "ana nidhamu na anahudhuria vipindi"? Barua ya namna hiyo haimpeleki mtu popote.

Hatua ya 1: Julikana mapema. Kuanzia mwaka wa pili, jenga mazoea na wahadhiri wawili au watatu. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza hutaka wadhamini wawili (yaani watu wa kukuandikia barua), ule wa Fulbright wa Marekani barua tatu, kwa hiyo mmoja hatoshi. Kujulikana si kukaa kiti cha mbele na kucheka kila utani wa mwalimu. Ni kwenda ofisini na swali lililotoka kwenye kazi yako mwenyewe. Mwanafunzi mmoja wa Kaliua alinijia na dodoso la wakulima wa tumbaku, akilalamika kuwa swali la kipato wote wanalikwepa. Tukakaa nalo, mwisho akaacha kuuliza fedha, akauliza marobota mangapi waliuza. Wakajibu. Alipokuja kuomba barua, sikuhangaika kutafuta la kuandika.

Hatua ya 2: Chagua anayekufahamu. Wengi hukimbilia mkuu wa chuo kwa sababu ya cheo. Mhadhiri msaidizi aliyesahihisha kazi zako na kukusimamia field (mafunzo kwa vitendo) atakuandikia vizuri zaidi, isipokuwa tangazo limetaja cheo fulani. Lisome tangazo lote.

Hatua ya 3: Omba ukiwa na muda. Wiki nne ni za kiungwana. Nenda ana kwa ana ukiweza. Ukishindwa, andika hivi:

"Shikamoo Dokta. Mimi ni (majina kamili), mwaka wa tatu Sosholojia. Ulinifundisha Mbinu za Utafiti na ukanisimamia field. Naomba nafasi ya shahada ya uzamili (chuo, nchi), mwisho wa maombi ni tarehe fulani. Naomba kujua kama utakuwa tayari kuwa mdhamini wangu. Kama ratiba haikuruhusu, nitaelewa."

Sentensi ya mwisho usiifute. Mwalimu aliyebanwa akakosa pa kutokea hukubali kwa shingo upande, na barua yake husomeka hivyohivyo. Na asiye profesa usimwite profesa, hata kama hatakusahihisha.

Hatua ya 4: Mpe malighafi. Akikubali, mtumie wasifu wako, matokeo, tangazo, na karatasi moja yenye mambo matatu aliyoyashuhudia yeye mwenyewe: mada uliyowasilisha, utafiti wako, kazi uliyorudia mpaka ikakaa sawa.

Wapo watakaokwambia, "Andika mwenyewe, nitasaini." Mimi siupendi mtindo huu. Barua mbili zilizotoka mkono mmoja zinafanana, na msomaji mzoefu anazinusa. Jibu kwa adabu: "Dokta, nimekuandalia dondoo, naomba uziweke kwa maneno yako." Wengi hulainika wakiona kazi imepungua.

Hatua ya 5: Fuatilia. Vyuo vingi vya nje humtumia mdhamini kiungo moja kwa moja, kwa hiyo jaza baruapepe yake ya chuo, si ya binafsi, kisha mwombe aangalie hata kwenye folda ya barua taka. Ajira za hapa nyumbani mara nyingi hutaka karatasi yenye nembo, saini na muhuri. Hiyo ichukue kabla hujarudi kwenu likizo. Kumbusha mara moja, wiki moja kabla ya mwisho. Usidai kuisoma.

Shukrani ni ujumbe mfupi tu. Wapo wanaoleta asali ya Sikonge, nami naipenda kweli, lakini ikitangulia barua, inanuka rushwa. Matokeo yakitoka, mjulishe hata kama umekosa: barua bado ipo kwenye kompyuta yake, na kwa ombi lijalo atahitaji kuirekebisha kidogo tu.